EEG, skani au kumeza dawa ukajipima: ipi itakwambia dawa gani ya ADHD inakufaa ukubwani

Hii kitu naulizwa sana siku hizi, hasa na vijana waliokwisha kujisomea mitandaoni, "bro si unipime tu ubongo nijue dawa ipi ya ADHD itanikubali, nisije nikameza hovyo?" Mi kazi yangu hapa Mwanza ni kupima EEG, yaani kubandika waya kichwani mwa watu kuanzia asubuhi, na karibu wote wanaletwa kwa ajili ya kifafa, kwa hiyo ningekuwa naangalia hela tu ningesema njoo hata leo. Ila ngoja nizipange njia zote moja pembeni ya nyingine uone kila moja inakupa nini na inakula nini, afu utaamua mwenyewe hela yako iende wapi.

Tuwekane sawa kwanza, ADHD ni ile hali ya umakini kukosekana na mtu kutotulia, na naongelea mtu mzima ambaye daktari wa akili ameshakaa naye, akamuuliza mambo ya kazini, ya nyumbani, na ya shule ya msingi pia, maana kwa vigezo vya DSM-5, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013, dalili kadhaa lazima ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na mtu mzima anahitaji dalili 5 kwenye kundi la umakini au la kutotulia wakati mtoto anahitaji 6. Kipimo cha ubongo hakimo kabisa kwenye hivyo vigezo. Kama hujafika hapo kwa daktari basi hii makala bado sio yako, maana huwezi kuchagua dawa ya ugonjwa ambao hata hujaambiwa unao.

Haya, tuanze na EEG ya kukaa tu, ndo hii wengi wanayoitaka. Unakaa, unafumba macho, unafumbua, dakika 20 au 30 hivi, waya 19 na ushee zinasoma umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo. Teknolojia yenyewe ni ya zamani sana, Mjerumani Hans Berger alirekodi ubongo wa binadamu mara ya kwanza 1924 huko Jena akaja kuitangaza 1929. Umeme huo unapanda na kushuka kwa kasi tofauti, mawimbi ya theta ni yale ya polepole, mara 4 hadi 8 kwa sekunde, beta ni ya haraka, mara 13 hadi 30. Watafiti waliona kwenye makundi ya watoto wenye ADHD theta inakuwa nyingi na beta kidogo, wakasema basi huu ubongo haujaamka vizuri, na dawa za kuchangamsha zinauamsha, kwa hiyo ukiona theta nyingi mpe dawa atakaa sawa. Ukiisikia inaingia akilini kweli. Julai 2013 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikaruhusu kifaa kinaitwa NEBA kinachopima huo uwiano wa theta kwa beta, sasa soma vizuri waliruhusu nini: watoto na vijana wa miaka 6 hadi 17, kumsaidia daktari kwenye kutambua ugonjwa, na pamoja na uchunguzi wake wa kawaida. Mtu mzima hayumo. Kuchagua dawa hakumo. Na mwaka huohuo 2013 mtafiti Martijn Arns na wenzake walikusanya tafiti za miaka mingi wakakuta huo uwiano hauaminiki kutambua ADHD, ila wakasema kuna kikundi cha watu wenye uwiano uliopitiliza ambao labda ungesaidia kubashiri matibabu yataendaje. Labda. 2016 chama cha madaktari wa neva cha Marekani nao wakatoa tamko kwamba huo uwiano usitumike kuthibitisha ADHD nje ya utafiti.

Afu kuna shida ya umri. Theta inapungua yenyewe mtu anavyokua, kwa hiyo mstari uliochorwa kwa mtoto wa miaka 9 ukimwekea baba wa miaka 40 utamwambia yuko fresh hata kama hajawahi kumaliza kitu alichoanza maishani mwake.

Ila mi kinachonisumbua zaidi ni vitu ninavyoviona pale kwenye kiti. Mtu ukimwambia "kipimo cha ubongo" anadhani ni kama kupima damu, ubongo wako una namba yake na mashine inaisoma. Wapi bana. Kuna mama mmoja anauza dagaa kwa jumla Mwaloni Kirumba, mtu wa mzigo mkubwa, saa tisa usiku ameshatoka nyumbani awahi mzigo unaoshuka kutoka visiwani. Aliandikiwa EEG kwa sababu alikuwa anazubaa, daktari akataka kuondoa wasiwasi wa kifafa, ila yeye kichwani mwake alikuwa na lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya nipime huo ubongo niambiwe na dawa kabisa, mtoto wangu wa chuo kaniandikia hapa kwenye simu mawimbi yanayotakiwa."

"Sawa mama, ila hizi rasta itabidi zifumuliwe."

"Zote? Mwanangu nimesuka juzi!"

Zote ndio, maana elektrodi, yaani ile ncha ya waya, inatakiwa iguse ngozi ya kichwa, na rasta nzito au wivingi haiachi nafasi, na mafuta ya nywele nayo yanazuia. Akaenda akafumua, akarudi siku nyingine kanuna. Nimesugua, nimeweka jeli, nimebandika, nikamwambia fumba macho usilale. Hazikupita dakika tano, yale mawimbi ya alfa ya mtu aliyetulia macho yamefumbwa yakakatika, yakaanza kuingia ya polepole, mama kichwa kinadondoka. Amelala! Mtu yuko macho tangu saa tisa usiku ulitaka afanye nini. Sasa hiyo theta ya usingizi kompyuta haijui kama ni ya usingizi au ya ADHD, inahesabu tu, uwiano unapanda, na yule anayeuza ripoti za rangi rangi angemwandikia "dawa ya kuchangamsha itakufaa". Na mama huyohuyo angekuja wiki ya mbalamwezi, ambayo dagaa hawavuliwi kwa taa na yeye analala mpaka jua linatoka, angetoa karatasi nyingine kabisa. Mi niliandika hakuna dalili za kifafa, mgonjwa alisinzia, basi. Majibu ya umakini na dawa yabaki kwa daktari wake.

Na usingizi ni kimoja tu. Ukikaza taya, misuli inatoa umeme unaofanana na beta, hapo uwiano unashuka. Jasho la Mwanza mwezi wa kumi hapo chumba hakina AC linachora mawimbi marefu ya polepole ambayo hayatoki kwenye ubongo. Dawa za kutuliza kama diazepamu na ndugu zake zinaongeza beta. Kahawa au enajii uliyokunywa njiani nayo inagusa. Fundi mzuri anavisafisha au anakurudia, ila ndo uone hiyo namba ya mwisho imepita mikono mingapi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo watu wanapigwa. Utasikia "kipimo chetu kinabashiri kwa usahihi wa asilimia 70". Dawa za kuchangamsha, kwa namba inayotajwa sana, zinawasaidia kama watu 7 kati ya 10 wanaozijaribu. Kwa hiyo mi nikikaa mlangoni bila mashine yoyote, kila anayepita namwambia "itakufaa", nitapatia asilimia 70. Ni kama kutabiri kwamba Mwanza haitanyesha mvua mwezi wa saba, utapatia karibu kila siku bila hata kuangalia juu. Kipimo chenye faida ni kile kinachowapata wale watu 3 kati ya 10 ambao haitawasaidia, kuwatenga kabla hawajaanza, na kufanya hivyo kwa watu wapya ambao hawakuwemo kwenye utafiti uliotengeneza hicho kipimo. Ukiambiwa namba, uliza hilo swali, wengi watabadilisha mada.

Njia ya pili ni EEG yenye kazi, na hii mi naipa heshima zaidi. Badala ya kukaa tu unapewa kitu cha kufanya, kwa mfano ukiona picha hii bonyeza, ukiona ile usibonyeze, na mashine inaangalia ubongo unajibu vipi sekunde hiyohiyo. Kuna jibu linaitwa P300 kwa sababu linatokea kama milisekunde 300 baada ya kuona au kusikia kitu ulichokuwa unakisubiri, na kwa wenye ADHD kwa wastani linakuwa dogo. Uzuri wake unaweza kupima kabla, mtu akameza dozi moja, ukasubiri kama saa moja, ukapima tena ukaona limekua au halijakua. Watafiti kama Geir Ogrim na Juri Kropotov wamefanya kazi ya namna hii, sana sana kwa watoto. Hapo angalau unapima dawa ikiwa ndani ya kichwa chako mwenyewe, hubahatishi kutoka kwa wastani wa watu wengine.

Lakini hebu ona kichekesho chake: ili upimwe hivyo lazima umeze dawa. Sasa kama umeshameza, na ikikufaa utaiona leoleo, waya zinakuongezea nini? Kidogo, sio sifuri, maana kuna watu hawawezi kujieleza vizuri na kuna wanaojisikia moto siku ya kwanza wakadhani wamepona. Afu mashine ya kawaida ya kifafa peke yake haitoshi, unahitaji programu ya kutoa picha na sauti kwa wakati uliopimwa barabara na mtu anayejua kuchambua, na huyo humpati kila kona.

Skani nitapita haraka. MRI ya kawaida inaonyesha umbo la ubongo, haikwambii dawa. PET na SPECT, skani zinazofuata dopamini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi zinaigusa, ndo zenye sayansi tamu zaidi kwa watu wazima, kundi la mtafiti Nora Volkow lilionyesha 2012 kwamba watu wazima ambao dopamini yao ilipanda zaidi kwenye sehemu ya ndani ya ubongo walipopewa methilfenideti, mojawapo ya dawa za kuchangamsha, ndo waliopata nafuu zaidi baada ya muda mrefu, na Wajerumani wa Munich walishaonyesha kabla kwamba kiwango cha visafirisha dopamini, yaani protini zinazoirudisha dopamini ndani ya seli, kabla ya matibabu kinaendana na nani dawa itamsaidia. Nzuri sana kwa kuelewa. Kwa mtu wa Buzuruga anayetaka kujua ameze nini Jumatatu, haina msaada, unachomwa dawa yenye mionzi na gharama yake ni ya kuuza kiwanja.

Kuna na vipimo vya kompyuta kama QbTest, unabonyeza kitufe huku kamera inafuata unavyotikisika. Hivi havisomi ubongo, vinasoma ulichofanya, na Uingereza NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ilipitisha QbTest 2024 kusaidia kutambua ADHD kwa watoto na vijana wa miaka 6 hadi 17. Kwa mtu mzima bado. Ila kama kipo karibu na wewe, kupima kabla na baada ya dawa sio wazo baya, na hakihitaji kufumua nywele.

Vinasaba je? Hivi vinajibu swali la pembeni. Atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo ya kuchangamsha, inavunjwa mwilini na kimeng'enya kinaitwa CYP2D6, ambao chao hakifanyi kazi dawa inajaa kwenye damu mara nyingi zaidi ya wengine, na kwetu Afrika ipo aina ya *17, inayovunja taratibu, iliyoelezwa kutoka Zimbabwe 1996 na Collen Masimirembwa na wenzake. Hicho kinakusaidia kwenye dozi na madhara, hakikwambii kama umakini utarudi. Na hata bila kipimo, kama unatumia fluoksetini, dawa ya sonona, mwambie daktari, maana inazima hichohicho kimeng'enya.

Sasa njia ya mwisho ndo ya kizamani kabisa, na mi ndo ningemwambia mdogo wangu aifuate: unaanza dawa kwa kiasi kidogo, daktari anapandisha taratibu, na mnaandika kinachotokea. Watu wanaidharau kwa sababu haina mashine, wanaita kubahatisha. Ila angalia muda. Methilfenideti ya kawaida inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja na inaisha baada ya saa 3 au 4 hivi. Yaani ndani ya wiki chache, ukiwa umepandishwa dozi vizuri, unajua. Kubashiri kuna thamani pale jaribio lenyewe likiwa refu au la hatari, na hapa jaribio ni fupi. Kwa atomoksetini hesabu inabadilika, hiyo inataka wiki 4 hadi 8 na zaidi kabla hujasema imekataa, hapo mtu angeniletea kipimo cha kweli cha kubashiri kwa watu wazima ningekaa nikamsikiliza, maana miezi miwili ya kusubiri bila nafuu ni kazi inapotea.

Kwamba uanze na ipi, kuna ushahidi usiohitaji waya. Mtafiti Samuele Cortese na wenzake 2018 waliunganisha majaribio 133, wakapendekeza kwa matibabu ya muda mfupi watu wazima waanze na jamii ya amfetamini na watoto waanze na methilfenideti. NICE mwaka huohuo wakasema mtu mzima aanze na lisdeksamfetamini (ya jamii ya amfetamini) au methilfenideti, akikaa wiki 6 kwa dozi inayotosha bila faida ya maana ahamie ile nyingine, atomoksetini ifuate kama hizo zimeshindikana au hazivumiliki.

Na sasa turudi ardhini. Huko wanachagua kati ya dawa nne tano, ndo maana "ipi itanifaa" ni swali la maana kwao. Methilfenideti iko Jedwali la II la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, ni dawa inayodhibitiwa, na WHO ilikataa 2019 na tena 2021 kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa hiyo usitegemee kuikuta duka la dawa la mtaani kama panadoli. Kabla hujafikiria kipimo cha kubashiri kati ya dawa A, B na C muulize daktari na mfamasia ipi inapatikana kwa uhakika mwezi huu na mwezi ujao. Kama jibu ni moja, ubashiri wako umeshaisha hapohapo, unaijaribu hiyo. Na usinunue ya mkononi ya "jamaa katoka nayo nje", bila cheti hiyo ni kesi, na hujui ndani kuna nini.

Kujipima kwenyewe kufanye kwa akili. Kuna dodoso la ASRS la WHO lenye maswali 18, yale 6 ya kwanza ndo ya kuchuja, lijaze kabla ya kuanza na kila dozi ikibadilishwa. Afu ongeza vitu viwili vitatu vya kazi yako vinavyohesabika. Fundi simu wa Makoroboi aandike simu ngapi kafungua na ngapi kafunga siku hiyohiyo. Konda aandike chenji ngapi kakosea. Mwenye duka aangalie madeni mangapi hakuandika daftarini. Na mtu mwingine naye atoe maksi zake bila kuona zako, mke au mume au mwenzako kazini, maana dawa inaweza kukupa raha wewe huku wao wanakuona mkali na huli. Presha, mapigo ya moyo na uzito vipimwe kabla na kila dozi ikibadilika, hivyo ni vipimo vya bei ndogo na ndo vinavyookoa watu. Kama una historia ya moyo, au kwenu kuna mtu alikufa ghafla akiwa kijana, sema mapema, hapo ECG ya moyo ina kazi kuliko EEG ya kichwa.

Basi uchague hivi. Kama unazubaa sekunde kadhaa hadi hujibu ukiitwa, unatafuna tafuna au kuchezesha mikono bila kujua, au unashtuka umekosa kipande cha mazungumzo, EEG njoo, na usianze dawa za ADHD kabla, kwa sababu hiyo inaweza kuwa kifafa na mashine yangu kazi yake ndo hiyo. Kama umeshajaribu dawa mbili za kuchangamsha kwa dozi sawasawa zikakataa, kabla ya kutafuta mawimbi rudini kwenye utambuzi wenyewe, na usingizi, na pombe, na sonona, na upungufu wa damu. Kama ukipata nafasi kwenye utafiti wa chuo unaopima EEG na dawa bure, na fomu umesomewa ukaelewa, ingia, tafiti za watu wazima wa huku kwetu ni chache mno. Kama mtu anakuuzia ripoti ya rangi ya kichwa na kukuhakikishia dawa, ile hela nunua mashine ya presha ya nyumbani.

Na kwa mtakaokuja EEG kwa sababu ya maana: fumueni nywele nyumbani, osheni kwa sabuni bila kupaka mafuta, kuleni, na muulize kama mnatakiwa kulala au kukesha maana kwa kifafa saa nyingine tunataka usinzie makusudi. Dawa unazotumia njoo nazo zimeandikwa, hata za mitishamba. Na dawa yoyote ya kifafa usiiache ili "kipimo kiwe safi" mpaka aliyekuandikia akuruhusu.